Barua ya wazi kwa wenyeviti wa jumuiya: nyumba moja, wagonjwa wawili

Waheshimiwa wenyeviti na makatibu wa jumuiya, nanyi wajumbe wa kamati za misikiti mnaofanya kazi ileile kwa jina jingine,

Machame, wilayani Hai, kuna nyumba ya wazee wawili iliyojificha katikati ya migomba na mibuni. Mzee amevuka miaka 70. Mkewe anamfuata kwa karibu. Watoto wao wote wako mijini. Hupiga simu kila jioni, hutuma hela, na Krismasi hupanda mlimani kama Wachaga wengi wafanyavyo. Majina ya wazee hawa hayatatajwa hapa. Ugonjwa wao unajulikana kijiji kizima, lakini heshima yao ni yao.

Asubuhi moja ya masika mzee alishindwa kufunga kifungo cha shati. Alijaribu mara ya pili, mkono wa kulia ukakataa. Alipomwita mkewe, jina alilolitamka kwa zaidi ya miaka 40 lilitoka kama la mtu mwenye maji mdomoni. Mama alidhani ni baridi. Akamchemshia chai, akamfunika blanketi, wakangoja. Ilipofika saa tano upande mzima wa kulia ulikuwa umelala, na ndipo jirani mwenye pikapu alipoitwa.

Saa zile za kungoja hazirudi, na heri hili lisemwe mapema kabla barua haijaenda mbali. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika ghafla, safari ya hospitali inaanza dakika hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima kichwa kipigwe picha ya CT ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Chai haisaidii. Inaweza hata kudhuru, kwa sababu koo la aliyepata kiharusi mara nyingi hushindwa kumeza sawasawa, na kinywaji kikaingia mapafuni.

Mzee alilazwa wiki mbili. Akarudi nyumbani mkono ukining'inia, mguu ukiburuzika, na maneno matatu au manne tu yaliyobaki kinywani mwake.

Jumuiya ilikuja. Jumatano ya kwanza sebule haikutosha, waliokosa viti wakasimama uani chini ya mparachichi. Mwinjilisti aliomba, bahasha ikapitishwa, mama mmoja akafungua hotpoti ya mtori. Kisha wakaimba. Hapo likatokea jambo ambalo waliokuwepo bado wanalisimulia: mzee, aliyekuwa hawezi kusema anataka maji, aliimba nao ubeti mzima, maneno yakiwa yamenyooka. Wengine walilia. Wengine walisema ni muujiza, na mwandishi wa barua hii hana ugomvi nao. Madaktari wa ubongo nao wanalifahamu jambo hilo kwa lugha yao: mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya usemi anaweza kuimba wimbo aliouzoea tangu utotoni, kwa kuwa ubongo hauhifadhi wimbo na mazungumzo kwa njia moja, na wataalamu wa matamshi hutumia uimbaji kuwarudisha wagonjwa kwenye maneno ya kawaida. Kwa hiyo ile kwaya iliyosimama uani ilikuwa ikifanya sala na tiba kwa pumzi moja. Haikujua kwamba inafanya tiba. Laiti ingejua, ingerudi kila wiki.

Jumatano ya tatu walikuja watu sita. Ya sita hakuja mtu.

Hapakuwa na ubaya. Kulikuwa na misiba miwili upande wa juu wa kijiji, ikafuata harusi, halafu msimu wa kuchuma kahawa. Kila mwenyekiti anayesoma barua hii anaijua kalenda hiyo. Jumuiya zetu zina mazoea madhubuti kwa mtu aliyekufa: daftari la michango lipo, zamu za kupika zipo, vijana wa kuchimba kaburi wanajulikana, na tanga haliachwi bila watu. Mgonjwa aliyelazwa naye hutembelewa. Lakini mtu aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, ambaye hajapona na hajafa, hana ukurasa wake katika daftari lolote. Na kiharusi kinataka hasa kipindi hicho. Nguvu nyingi za mkono na mguu hurudi katika miezi mitatu ya kwanza, kama mgonjwa anafanyishwa mazoezi, kisha hurudi polepole kwa miezi mingi baadaye. Yaani wageni huisha wakati mwili ndio kwanza unaanza kuhitaji watu.

Aliyebaki ni mama.

Kumuuguza mtu aliyepooza ni kazi ya misuli. Anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiuno na visigino inaoza. Anaogeshwa. Anaketishwa wima kabla ya kulishwa, na anabaki ameketi baada ya kula. Nguo zinafuliwa kila siku. Juu ya hayo kuna ng'ombe wawili wa ndani wanaongoja majani, na majani yanabebwa kichwani kutoka mbali. Mama ana sukari, miaka minane sasa. Kadi yake ya kliniki inaonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitazama: miezi mitatu mfululizo mistari iko mitupu. Hakwenda, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia mzee.

Katika miezi hiyo alijichoma na kijiti bandani, kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Hakusikia. Sukari ikikaa juu kwa miaka, miguu hufa ganzi, na kidonda kidogo hukua bila mwenye mguu kuwa na habari. Katibu wa jumuiya alipopita kuwasalimu ndiye aliyeona mama anachechemea, akamwomba avue kiatu. Alichokiona kilimfanya asiongee mengi, aliita bodaboda. Mama alilazwa wiki tatu na kidole kimoja kikakatwa. Mguu ukaokolewa.

Hili ndilo lililoifanya barua hii iandikwe. Kijiji kizima kilikuja kumwona mgonjwa mmoja katika nyumba yenye wagonjwa wawili. Waliuliza, "Mzee anaendeleaje?" na wa kujibu alikuwa yuleyule mama, amesimama mlangoni kwa mguu unaooza, akisema, "Tunamshukuru Mungu." Hakudanganya. Ila hakuna aliyemuuliza habari zake mwenyewe.

Hai haikuanza leo kuugua kiharusi. Kati ya 1992 na 1995 watafiti waliwafuatilia wakazi wa maeneo matatu ya Tanzania: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliwashtua wengi waliodhani kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya: kwa watu wa umri wa kufanya kazi, vifo vya kiharusi katika maeneo hayo vilizidi vile vya Uingereza na Wales. Utafiti mwingine, ulioanza 2003 ukaenda hadi 2006, ulihesabu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya hesabu kulinganishwa kwa umri, Hai ilikuwa na watu wapatao 109 kwa mwaka katika kila 100,000, na Dar es Salaam 316. Sababu kubwa ni ileile kila mara: presha ambayo haikupimwa, au ilipimwa ikaachwa. Presha haiumi. Mzee wa Machame aliambiwa ana presha miaka mitano kabla ya kuanguka, akanywa vidonge hadi paketi ilipoisha, akajiona mzima.

Sasa yaje yale mema, maana yapo na ndiyo mengi.

Mama alipokuwa wodini, jumuiya ile haikuitisha mchango. Ilikaa kikao kifupi baada ya ibada, mwenyekiti akachukua daftari la misiba, akaligeuza upande wa nyuma, akachora ukurasa mpya. Siku saba, majina mawili kila siku. Nani anakuja asubuhi kumwogesha mzee: wanaume, kwa kuwa aibu ya mzee lazima ilindwe. Nani analeta majani ya ng'ombe. Nani analala. Nesi mstaafu, muumini wa jumuiya hiyohiyo, alikuwa na kipimo cha presha kabatini, akakitoa. Vijana wa kwaya walisimika mirunda kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, wakafunga mianzi kwa urefu wa kiuno, mzee akapata pa kushika. Wawili kati yao walimsindikiza kwenye mazoezi ya viungo hospitalini, wakasimama pembeni wakiangalia namna mtaalamu anavyomnyoosha mkono, namna ya kumwinua bila kumvuta bega lililolegea, kisha wakayafanya nyumbani kila jioni. Kosa la kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza ni la kawaida mno vijijini, na bega likishateguka maumivu yake hukaa miezi.

Akina mama walibadili chungu. Hili linaonekana dogo, lakini wanaoijua Machame wanaelewa ugumu wake. Kiburu cha pale, ndizi na maharage, hupikwa kwa magadi, na magadi yamejaa sodiamu kama ilivyo chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, vyote vikihesabiwa. Wakaacha magadi, wakaloweka maharage usiku kucha ili yaive upesi. Mtori wa mzee ukapikwa mzito na kupondwa vizuri, kwa kuwa kinachoteleza kama maji ndicho kinachompalia. Mama aliporudi nyumbani, ndizi zake zikapimwa kwa ajili ya sukari yake, na mboga zikaongezwa. Mama anasema siku hizo ndizo alizojifunza kulishwa, na haikuwa rahisi kwa mwanamke aliyelisha wengine maisha yake yote.

Palikuwa na mtihani mmoja mkubwa. Mhubiri mgeni alipita, akamwekea mzee mikono, akamwambia vidonge ni dalili ya kukosa imani. Mzee akaviacha siku tisa. Nesi mstaafu alipopima, presha ilikuwa 190 kwa 110. Aliyetatua jambo hilo hakuwa daktari. Mwinjilisti wa usharika alikuja usiku uleule, akaketi kitandani, akachukua vidonge kiganjani, akaviombea kama anavyoombea chakula, akampa mzee na maji. Tangu hapo vidonge havijaachwa.

Wenyeviti, hapo ndipo ilipo nafasi yenu isiyoweza kushikwa na mwingine. Nchi yetu inakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Sh 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko, wapo walioacha dawa za kisukari na za virusi vya UKIMWI, na wapo waliofia njiani. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa waliochoka, na familia zilizochoka zaidi yao, wakitafuta mahali ambapo ugonjwa ungeisha kwa siku moja. Magonjwa haya hayaishi kwa siku moja. Presha na sukari ni vya kuishi navyo, na mtu aliyeachwa peke yake na vidonge miaka kumi atamsikiliza yeyote anayemwambia avitupe.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, waliamua jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji. Parokia zilikuwa kubwa mno, na mtu angeweza kuugua hadi kufa bila padri kujua. Makanisa mengine nayo yana jumuiya zao za majirani. Waislamu hawakuhitaji kikao, kwani kumzuru mgonjwa kwao ni haki ya kila Mwislamu juu ya mwenzake. Kwa hiyo chombo kipo karibu kila kitongoji, kina watu wanaojuana kwa majina na kwa madeni, na kinakutana kila wiki bila posho. Hakuna idara ya serikali iliyo na mtandao wa namna hiyo.

Serikali nayo ina chake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuahidi matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwapata na kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa ni watu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Wahudumu hao wanatembea nyumba kwa nyumba. Ninyi mnajua nyumba zipi zina wazee wasiotoka. Wao wana mafunzo na njia ya kumfikisha mgonjwa kituoni. Mahali pengi pande hizi mbili hazijawahi kuketi pamoja hata mara moja.

Ombi la kwanza ni hilo: mwenyekiti aende zahanati, amuulize mganga mfawidhi nani ni mhudumu wa kitongoji chake, na amwalike Jumatano moja kwa mwezi. Aje na kipimo cha presha. Wazee wapimwe kabla ya wimbo wa kwanza, waliozidi 140 kwa 90 waandikwe na wafuatiliwe, bila kutangazwa mbele ya watu. Mganga mfawidhi naye asimpokee mwenyekiti kama mgeni asiye na kazi.

La pili ni ule ukurasa wa nyuma ya daftari. Kila anayetoka hospitali aandikwe, na mstari wa chini yake aandikwe anayemuuguza, kwa jina lake kamili, pamoja na tarehe ya kliniki yake mwenyewe. Mtu mmoja apewe kazi ya kumuuliza muuguzaji maswali matatu: umelala, umekula, dawa zako umekunywa? Siku ya kliniki yake awepo wa kushika nafasi nyumbani. Zamu ziende miezi mitatu bila kukatika, hata msiba ukiingia katikati. Anayedhani jumuiya yake ni maskini mno kwa hilo atazame Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Huko shirika la Kwa Wazee, tangu 2003, limekuwa likiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao bibi wanaolea wajukuu walioachwa na UKIMWI, na wazee wenyewe wamejipanga katika vikundi vya kusaidiana: mwenye nguvu kidogo anamchotea maji asiye na nguvu kabisa.

Katika Injili ya Marko wapo watu wanne waliombeba mtu aliyepooza, wakakosa nafasi mlangoni, wakapanda juu na kutoboa dari. Mwandishi huwafikiria wanne hao kila anapopita kwenye ile mianzi iliyofungwa kwa kamba uani kwa mzee. Walibeba kitanda. Walipasua paa la mtu, na bila shaka kuna aliyelitengeneza. Imani yao ilikuwa na jasho.

Ombi la tatu ni fupi. Mhubiri yeyote anayekuja kuwaombea wagonjwa katika eneo lenu aambiwe mapema, kwa adabu na kwa uwazi, kwamba hapa dawa haziachishwi.

Mzee sasa anatembea kwa fimbo hadi barabarani. Mkono wa kulia unashika kikombe, kifungo cha shati bado. Maneno yamerudi mengi, ila yanachelewa, na akikasirika yanapotea tena hadi mama amwimbie kidogo. Mama anavaa kiatu kipana alichoshonewa na fundi wa pale sokoni, anakagua nyayo zake kila usiku kwa kioo kidogo, na hajakosa kliniki tangu aliporudi. Ng'ombe mmoja ameuzwa, mwingine amezaa.

Jumatano ijayo jumuiya ni kwao. Mzee ameombwa asome somo, naye amekubali, ila ametuma salamu kwa mwenyekiti kwamba wanaokuja waje na muda, kwa sababu aya nne tu zitamchukua robo saa. Mwenyekiti amemjibu kwamba nesi atafika mapema na kipimo, na kwamba wa kwanza kupimwa safari hii atakuwa mama.